American Football, robo karne baadaye: albamu ya kusahau tunayoitumia kukumbuka

Albamu ya kwanza ya bendi ya American Football, iliyotolewa Septemba 1999 na lebo ya Polyvinyl ya jimbo la Illinois nchini Marekani, ina nyimbo tisa. Wimbo wa kwanza, Never Meant, unamsihi mpenzi anayeachwa kwamba yote yaliyosemwa na yote yaliyotendwa yasahauliwe. Wa tatu, Honestly?, unakiri kwamba mwimbaji hakumbuki tena ndoto wala hisia za ujana wake, ilhali mwimbaji huyo, Mike Kinsella, alikuwa na umri wa miaka 22 tu. Ajabu ni kwamba kazi inayosisitiza kusahau kwa kiasi hiki ndiyo ambayo wasikilizaji wa roki ya indi, ile roki inayotoka kwenye lebo ndogo zisizotegemea makampuni makubwa, wameifanya sanduku la kumbukumbu za ujana wao. Hutajwa kila mazungumzo yanapofika kwenye majira ya joto yaliyopita, mapenzi ya chuoni na marafiki waliotawanyika. Nimeirudia baada ya miaka mingi ya kutoigusa, na naona kwamba sifa hiyo ya ukumbusho imeifunika albamu yenyewe: kinachoifanya isimame hadi leo ni utunzi wake, na utunzi huo una ukali na hesabu kuliko machozi.

Njia niliyoipata mara ya kwanza ilichangia namna nilivyoisikiliza. Zilikuwa faili za MP3 zilizopita kwa flashi kutoka kwa mwanafunzi mmoja hadi mwingine, bila jalada, bila majina ya wapigaji, na kompyuta ilizipanga kwa herufi za alfabeti. Hilo la mwisho laonekana dogo lakini lina uzito wake. Katika mpangilio halisi, wimbo wa tano, wa sita na wa saba zina majina marefu ambayo yakisomwa mfululizo huwa sentensi moja: You Know I Should Be Leaving Soon, But the Regrets Are Killing Me, kisha I'll See You When We're Both Not So Emotional. Ni barua nzima ya kuagana iliyogawanywa katika vichwa vitatu: najua napaswa kuondoka karibuni, lakini majuto yananiua, tutaonana hasira na huzuni zikishapoa. Alfabeti iliivunja barua hiyo vipande na kuvitupa kila kimoja upande wake, cha mwanzo kikiangukia mwisho kabisa. Anayeisikiliza leo kwa mpangilio uliokusudiwa anakutana na kazi iliyopangwa kwa makini zaidi kuliko ile iliyozunguka mabwenini.

Waliokuwa nyuma ya kazi hiyo ni watu watatu: Kinsella aliyeimba na kupiga gitaa pamoja na besi, Steve Holmes kwenye gitaa la pili, na Steve Lamos kwenye dramu na tarumbeta. Bendi ilianza mwaka 1997 katika mji wa Urbana, pacha wa Champaign, mahali kilipo Chuo Kikuu cha Illinois. Kinsella hakuwa mgeni wa fani. Akiwa kijana mdogo alipiga dramu katika Cap'n Jazz, bendi ya vitongoji vya Chicago iliyoongozwa na kaka yake Tim, iliyokuwa na kelele nyingi na mpangilio kidogo, ikavunjika mwaka 1995. Kwa hiyo mtu huyu anayesifiwa kwa sauti yake ya upole na gitaa lake lililotulia alilelewa kimuziki nyuma ya dramu. Habari hiyo ya wasifu ni rahisi kuipuuza, lakini kwangu ndiyo inayoeleza mengi, kwa sababu gitaa lake katika albamu hii limepigwa na mtu anayefikiri kwa mipigo kwanza na kwa melodia baadaye.

Albamu ilirekodiwa kwa siku chache tu katika studio ndogo ya hapo hapo Urbana, masomo yakiwa yanafikia mwisho, na bendi ikavunjika muda mfupi baada ya kutoka kwake. Kulikuwa hakuna ugomvi wa kusimulia. Walimaliza chuo, kila mmoja akashika njia yake.

Sasa tuje kwenye muziki wenyewe, maana ndipo penye utajiri. Mtu akifungua Never Meant, baada ya vishindo vichache vya studioni, anapokelewa na magitaa mawili yanayodonolewa kwa vidole badala ya kupigwa kwa mkono mzima. Nyuzi zake hazijakazwa kwa utaratibu wa kawaida unaofundishwa kwa anayeanza gitaa. Zimewekwa kwenye noti za F, A, C, G, C na E. Faida ya kufanya hivyo ni kwamba nyuzi zisizobanwa zinaendelea kulia huku vidole vikihama kwingine, hivyo gitaa moja hutoa mlio wa magitaa mawili, na magitaa mawili huleta mtandao wa noti ambao sikio halijui upi ni wimbo na upi ni msindikizo. Hakuna anayeongoza. Holmes haijazi nafasi iliyoachwa na Kinsella, wala Kinsella hapigi solo juu ya mwendo wa Holmes. Kila mmoja ana duara lake fupi, na maduara hayo yana urefu usiolingana, yanapishana kwa muda kisha yanakutana tena mahali usipopategemea. Wanabendi wamewahi kumtaja Steve Reich, mtunzi wa Marekani aliyejenga kazi zake kwa vipande vifupi vinavyorudiwa na kusogezwa taratibu, miongoni mwa watu waliowavutia, na baada ya kulijua hilo ni vigumu kutolisikia.

Sikio lililokulia kwenye muziki wa dansi wa Afrika Mashariki, ambako solo, second solo na rithim husokotana usiku kucha, lina njia yake fupi ya kuingia hapa. Halishangazwi na magitaa yanayojibizana, wala halisubiri kiitikio kije kuliokoa. Tofauti ni ya makusudi: dansi husokota ili mtu ajue pa kuweka mguu, na hawa vijana wa Urbana husokota hadi mguu wenyewe ukose pa kutua. Nasema hivi bila kudai undugu wowote kati ya muziki huu na ule. Hakuna dalili kwamba waliwahi kuusikia. Ni suala la msikilizaji na mazoea aliyokwenda nayo.

Lakini mtu ninayemsikia zaidi sasa kuliko zamani ni Lamos. Mpiga dramu wa kawaida katika muziki wa aina hii angepigilia msumari mahali mpigo unapoanza ili wasikilizaji wasipotee. Lamos anafanya kinyume chake. Anapita kwenye matoazi kwa wepesi wa mpigaji wa jazi, anagusa ngoma ndogo ya pembeni pale ambapo gitaa limenyamaza, na mara nyingi anahesabu kwa makundi yasiyofanana na yale ya magitaa, kiasi kwamba ndani ya wimbo mmoja kuna saa mbili zinazotembea kwa mwendo tofauti. Katika umri ule nilidhani utulivu wa albamu unatokana na upole wa sauti ya Kinsella, na bado unachangia, lakini sababu kubwa naiona kwenye dramu: mpigo haukamatwi kwa nguvu, basi mwili unaacha kungoja. Hesabu zote hizo ngumu zimefichwa ndani ya mguso laini. Bendi nyingi zilizokuja baadaye ziliuiga ugumu wake na kuusahau ulaini huo, na matokeo yake yakawa mazoezi ya vidole.

Tarumbeta nalo lastahili kuzungumziwa kidogo. Linaingia katika The Summer Ends na katika For Sure, nalo halilii kwa ushujaa tuliouzoea kwenye bendi zenye safu ya ala za kupuliza. Limepulizwa kwa sauti finyu, karibu ya kusitasita, noti zikishikwa kwa muda mrefu kuliko inavyotarajiwa. Mpulizaji stadi angeweza kuliharibu kwa kulipamba. Kwa kuwa aliyelishika ni yule yule mpiga dramu, linasikika kama wazo la pili lililomjia baada ya kumaliza kazi yake ya kwanza, na uhaba huo wa noti ndio unaoipa albamu sauti yake ya kipekee. Kama mtu angenitaka nitaje kitu kimoja kinachoitofautisha na kazi nyingine zote za roki ya Illinois ya miaka ile, ningetaja tarumbeta hili kabla ya gitaa.

Maneno ya nyimbo ni machache mno, na hapa ndipo ninapotofautiana zaidi na sifa zilizoenea. Inasemwa kwamba albamu hii inazungumza na moyo wa kijana kuliko nyingine yoyote. Ukiyachukua maneno na kuyaweka pembeni bila muziki, utakuta mistari ya mwanafunzi anayejaribu kuachana na mtu kwa adabu, anayejikinga kwa lugha ya tahadhari, anayeongea kama aliyesoma saikolojia muhula mmoja. Hakuna visa, hakuna majina, hakuna hata mahali. For Sure ina mistari isiyofika idadi ya vidole vya mikono miwili. Stay Home inapita dakika nane, na maneno yanachelewa kuingia kiasi kwamba mtu anayeisikiliza mara ya kwanza anaweza kuamini kuwa ni wimbo wa ala tupu. Wimbo wa tano na wa tisa hazina maneno kabisa. Hiyo ni albamu ya takriban dakika 40 ambayo sehemu kubwa yake mwimbaji amenyamaza, na bado inasifiwa kwa kile inachosema.

Nadhani uhaba huo wa maneno ndio uliowezesha kila msikilizaji kuingiza majina yake na visa vyake. Mwanafunzi wa Urbana aliacha nafasi wazi kwa sababu alikuwa na haya, na watu wa miji mingine wakahamia humo na mizigo yao. Sina ubaya na jambo hilo; muziki mwingi unaishi kwa njia hiyo. Hata hivyo, mtu asichanganye mzigo alioleta mwenyewe na nyumba aliyoikuta. Tunapoisikiliza baada ya miaka, na mizigo yetu ya zamani imeshapungua uzito, tunabaki na swali la iwapo kuta zenyewe zimejengwa vizuri.

Zimejengwa vizuri, ingawa si kila mahali. Katikati ya albamu, kuanzia wimbo wa sita hadi wa saba, mawazo yanafanana kupita kiasi, na anayekosa subira atafikiri amerudishwa nyuma. Sauti ya Kinsella haifiki noti za juu anazozilenga, na katika Never Meant analazimika kuipandisha mpaka inakwaruza. Besi imewekwa pale tu ilipoonekana ya lazima, hivyo baadhi ya vipande vinakosa sakafu. Lakini Honestly?, ambayo zamani niliiruka ili niufikie wimbo uliofuata, imekuwa kwangu ndiyo kilele: nusu yake ya kwanza ni maneno yale ya kutokumbuka, kisha mwimbaji anatoka na magitaa yanaanza kupanda, yanakuwa mazito na yenye mkwaruzo, duara lile lile likirudiwa huku dramu zikizidi kusukuma, bila mwimbaji kurudi kufafanua. Aliyesema hakumbuki anaachia ala zikumbuke kwa niaba yake, au zimalizie kusahau. Wimbo hautoi uamuzi.

Namna albamu ilivyofufuka inajulikana kwa sehemu kubwa. Ilipotoka haikuleta mshindo. Lebo ya Polyvinyl, iliyoanzishwa na vijana wa jimbo hilo hilo katikati ya miaka ya 1990, haikuiondoa sokoni, na kwa lebo ndogo uamuzi wa kuendelea kuchapa kazi ya bendi iliyokufa si wa kawaida. Kisha kubadilishana faili kwa intaneti kukafanya yaliyobaki. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 2010, bendi nyingi changa za Marekani na Uingereza zilikuwa zinaitaja kama chimbuko lao, na mwaka 2014 lebo ikatoa toleo jipya lenye rekodi za ziada, bendi ikarudi jukwaani baada ya kimya cha karibu miaka 15, ikijaza kumbi za New York kwa usiku kadhaa, tofauti na vyumba vidogo ilivyovizoea ikiwa ya wanafunzi.

Pamoja na ufufuo huo ikaja ibada ya nyumba. Jalada la albamu ni picha ya nyumba ya mbao ya Urbana, walimokuwa wakipanga wanafunzi, iliyopigwa na Chris Strong usiku kutoka chini, dirisha moja la juu likiwa linawaka taa. Hakuna mtu pichani. Mashabiki walianza kusafiri kwenda kupiga picha mbele yake, video ya Never Meant ikatengenezwa humo mwaka 2014, na jalada la albamu ya pili ya mwaka 2016 likapigwa ndani ya nyumba ile ile. Mwaka 2023 Polyvinyl, bendi na washirika wao waliinunua. Naelewa sababu: nyumba za wanafunzi katika miji ya vyuo hubomolewa kila siku, na wenye kumbukumbu nayo walikuwa na uwezo wa kuizuia isiende. Ila sherehe hiyo inasaidia kuimarisha ile dhana kwamba thamani ya albamu iko mahali na wakati fulani, kwamba ni lazima uwe uliwahi kuwa na umri wa miaka 20 chini ya dirisha kama lile ili uielewe. Wapo wasikilizaji wengi ambao hawajawahi kuona nyumba ya aina hiyo wala majira ya joto yanayokwisha, na albamu imewafikia bila shida.

Albamu zilizofuata zinatupa njia ya kuipima hoja hii. Ile ya mwaka 2016, Kinsella akiwa baba wa familia na binamu yake Nate akiwa ameingia kupiga besi, ina maneno mengi na ya mtu mzima zaidi: pombe, ndoa, uchovu. Sauti yake imewekwa mbele, nyimbo zimefupishwa, magitaa yamepewa kazi ya kusindikiza. Kama chanzo cha nguvu ya bendi kingekuwa hisia zinazotamkwa, kazi hiyo ingekuwa bora kuliko ya kwanza, kwa maana inatamka mengi na kwa ustadi mkubwa. Naiona ni nzuri na ya kawaida. Ile ya mwaka 2019 ndiyo iliyoinuka, na iliinuka kwa kurudi kwenye utunzi: inafunguka na Silhouettes, wimbo wa zaidi ya dakika saba unaoanza kwa milio ya vibrafoni, ala ya vibao vya chuma vinavyogongwa, iliyopangwa kwa maduara, nao wanamuziki wageni, miongoni mwao waimbaji Hayley Williams na Rachel Goswell, wanatumiwa kuongeza tabaka la sauti kuliko kupamba jina la albamu. Jalada lake, kwa bahati nzuri, limetoka nje ya ile nyumba na kwenda shambani penye ukungu.

Kipimo kingine kilikuja mwaka 2024, albamu ya kwanza ilipotimiza miaka 25 na nyimbo zake kuimbwa upya na wasanii wengine, akiwemo Iron & Wine na Ethel Cain. Huyu wa pili aliichukua For Sure, ile yenye mistari ya kuhesabika, akaivuta ikawa ndefu na ya polepole mno. Imevumilia kuvutwa. Wimbo uliojengwa juu ya hisia za mwimbaji mmoja ungekatika mikononi mwa mwingine, lakini huu ulikuwa na mfumo ndani yake, na mfumo unahamishika.

Kwa anayetaka kuirudia, au kuianza leo, ningeshauri asiingilie mlango wa Never Meant, kwa sababu wimbo huo umesikika na kuigwa mpaka umekuwa nembo, na ni vigumu kuusikia upya. Aanze na Stay Home, afuatilie dramu peke yake mpaka mwisho bila kujali magitaa, halafu aurudie akifuata gitaa la kushoto, kisha la kulia. Baada ya hapo arudi mwanzo na aipige kwa mpangilio wake, ile barua ya vichwa vitatu ikiwa kamili. Rekodi za ziada za toleo la mwaka 2014 zinaweza kungoja. Ni za mtafiti na za shabiki aliyekwisha zama.